Mtani Wangu Chini ya Zege

Watu wa Kilwa Masoko wananijua kwa matofali. Yadi yangu iko kando ya barabara kuu, mtu akishuka kwenye basi anaiona kabla hajaona msikiti, na nyumba nyingi mpya za mtaa ule zimeinuliwa na matofali yangu au na mafundi niliowafundisha mimi. Sikurithi kitu. Nilizaliwa kwenye vilima vya Kipatimu, katika nyumba ya miti na udongo, nikasoma kwa mwanga wa kibatari, nikabeba zege Lindi mjini mpaka mabega yakaota sugu. Kutoka hapo nilijisukuma mwenyewe hadi Uturuki, nikarudi na stashahada ya ujenzi, ambayo imening'inia ofisini kwangu ndani ya kioo. Wapo wanaosema najisifu. Sioni ubaya wa mtu kutaja alichokifanya kwa mikono yake.

Mafundi wangu wananicheka kwa jambo moja. Hakuna nyumba ninayoisimamia isiyo na mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, hata ikiwa ni ya vyumba viwili na mwenyewe analalamika gharama. Akibisha namwambia atafute fundi mwingine.

"Bosi, huku hakuna matetemeko," wananiambia.

Siwabishii. Lakini lori la jasi likipita barabarani na vikombe vikalia kabatini, mimi huwa nimeshafika mlangoni, viatu mkononi, kabla sijajua kwamba nimesimama. Mke wangu amezoea. Hutoka nje akanishika mkono, tukarudi ndani.

Nilikuwa na mtani. Alikuwa Mmwera wa Rondo, na mimi Mmatumbi, na watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa hayo maana yake nini. Mtani anaweza kuingia kwako akala chakula chako, akakuita majina ambayo ndugu yako hathubutu, na ukikasirika mwenye aibu ni wewe. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja na unga wa kuwapaka wanaolia, anayevaa kofia ya marehemu na kutembea kama marehemu, anayekamata jogoo wa wafiwa bila kuomba. Nilikua nikiyaona hayo kwenye misiba ya Kipatimu. Nilipofika Uturuki nilidhani nimeyaacha huko, pamoja na kibatari.

Siku ya kujiandikisha chuoni nilikuwa nimesimama kwenye foleni, naongea na mama yangu kwenye simu, kwa Kimatumbi, kwa sauti, maana hakukuwa na wa kunielewa. Kijana mmoja mfupi, mweusi kama mimi, akatoka kwenye foleni yake, akaja kusimama mbele yangu. Hakunisalimia.

"Kumbe na nyie mmeshatoka pangoni," akasema kwa Kiswahili.

Kwetu kuna mapango makubwa, ambamo wazee wetu walijificha wakati wa vita vya Wajerumani, na watani hawajatusamehe. Nikamtazama nikajua ni Mmwera, na Wamwera huwa tunawacheka kwa kula panya.

"Nani amemruhusu mla panya huyu kuingia chuoni?" nikamuuliza msichana aliyekuwa nyuma yangu, ambaye hakuelewa kitu.

Yule kijana alicheka mpaka akachuchumaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa hajasikia tusi la nyumbani tangu aondoke. Tulipanga chumba pamoja. Yeye alisomea umeme. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu za zege, na nilijifunza Kituruki haraka kuliko Waafrika wote wa mwaka wetu. Yeye alikiongea kwa lafudhi ya Rondo, na wauza mboga walimpenda kuliko mimi. Jioni tulipika ugali wa unga tuliouagiza mji mwingine, na wakati wa kula tulitukanana kwa mpangilio, kwa zamu, kama watu wanaocheza bao.

Mji wenyewe ulikuwa wa maghorofa ya kupanga, yaliyobanana pande zote mbili za barabara, na nyuma yake milima yenye theluji. Sisi tulikaa ghorofa ya nne.

Tetemeko la kwanza lilikuja alfajiri, wakati tumelala. Kitanda kilipoanza kutikisika nilidhani ni yeye anafanya utani wake, nikamtukana nikiwa bado nimefumba macho. Kisha kabati likaanguka. Sauti ilitoka chini, kama gari kubwa linalopita ndani ya ardhi, na haikuisha. Ukuta ulikuwa unakwenda na kurudi. Tulishuka ngazi kwa kushikana mashati, bila viatu, na chokaa inatudondokea kichwani, na wakati wote huo alikuwa anasema kitu kimoja kwa Kimwera, neno la kumwita mama.

Nje kulikuwa na mvua inayogeuka kuwa theluji. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Palipoanza kupambazuka ndipo tulipoona kwamba mwisho wa mtaa hapakuwa tena na mwisho: majengo matatu yalikuwa yamelala, sakafu juu ya sakafu, kama mikate iliyopangwa. Watu walikuwa wanaita majina. Letu lilisimama.

Nililizunguka. Nilikuwa mwaka wa mwisho, na hata kabla ya chuo nilikuwa nimebeba zege la kutosha kujua jengo linaposema limechoka. Nguzo ya pembeni ilikuwa imepasuka kutoka chini hadi usawa wa kifua. Nondo zilionekana, laini, zisizo na meno, na ringi za kuzifunga pamoja zilikuwa chache mno, zimefunguka. Niliwaambia majirani wasiingie. Wengine waliingia hata hivyo, wakatoka na viatu na mablanketi na tundu la ndege wao wa kufuga, na kila aliyetoka salama alinifanya nionekane mwongo.

Kufikia mchana baridi ilikuwa imetuingia mifupani. Tulikuwa na soksi na viatu vya kuazima. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuwa na mtoto mchanga amemfunga kwenye zulia dogo la mlangoni, na midomo ya yule mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Mtani wangu alimtazama muda mrefu. Kisha akaanza kufunga vizuri kamba za viatu vya kuazima.

"Nguzo ile imekufa," nikamwambia. "Usiingie."

"Mmatumbi kila akiona nyumba anaona inaanguka. Ndiyo maana mliishi mapangoni."

"Nakwambia kama fundi."

"Fundi gani hana koti?"

Akaenda. Alikwenda kwa mwendo wake ule wa kurusha miguu nje, kama mtu anayeepa madimbwi. Nilimwona akipita mlango.

Watu wengi duniani hawajui kwamba tetemeko kubwa linaweza kuwa na mwenzake, siku hiyo hiyo, kubwa karibu kama lenyewe. Mimi nilijua kwenye kitabu. Lilipokuja, tulikuwa tumesimama katikati ya barabara, na barabara ilijikunja. Jengo letu halikuanguka upande. Lilipiga magoti. Ghorofa ya kwanza ilitoweka, ya pili ikaikalia, na vumbi likaja likatufunika, likiwa na joto, kitu pekee chenye joto siku ile.

Siwezi kueleza nilichofanya mwanzoni kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka mikono yangu ina damu, na mzee mmoja muuza vitambaa ananivuta nyuma kwa mkanda wa suruali. Kisha nikasikia sauti yake. Ilitoka kwenye uwazi mwembamba palipokuwa ngazi, mahali ambapo kipande cha sakafu kilikuwa kimeegemea kingine. Alikuwa analia, kwa Kimwera, pole pole.

Nililala kifudifudi nikaweka mdomo kwenye uwazi. Nikamwita. Akanyamaza.

Kumwambia atapona lilikuwa neno kubwa kuliko nilichokuwa nakiona. Kumwambia amwombe Mungu kungemwambia kila kitu. Na alikuwa amenyamaza, na kile kimya kilinitisha kuliko kilio. Likanitoka lile lililokuwa karibu.

"Leo umekuwa ming'oko, Mmwera," nikamwambia. "Tulia nikuchimbue."

Ming'oko ni viazi vya porini vya kwetu kusini. Wamwera wanavichimba kwa subira kubwa, na sisi huwacheka kwamba wanakula mizizi. Nilidhani nimemuumiza. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Chimba taratibu," akasema. "Nyie hamjui kazi hii. Ming'oko ikikatwa na jembe hainunuliwi."

Basi tukaendelea. Nilikuwa naondoa mawe kwa mikono, na yule mzee muuza vitambaa, na wengine, na kila nilipopumzika nilirudisha mdomo kwenye uwazi nikamtukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana babu yake, nikatukana Rondo yote na pori lake. Alinijibu. Akichelewa kujibu niliongeza tusi. Aliniuliza kama mama mwenye mtoto ameshapata blanketi, nikamwambia kampata mume mwingine mwenye akili, hamhitaji panya. Alicheka, nikasikia kile kicheko kinamuuma.

Waokoaji walipofika walikuwa na mashine za kusikilizia, na utaratibu wao ulikuwa kwamba watu wote wanyamaze. Mtaa mzima ulinyamaza. Mimi tu ndiye niliyekuwa napiga kelele ndani ya tundu. Mkuu wao, mwanamke mrefu mwenye kofia nyekundu, alinishika bega.

"Unamwambia nini?"

Nilikuwa nimechoka, sikuwa na akili ya kutunga. "Nimemwambia ni panya, atoke shimoni."

Alinitazama usoni kwanza, kisha mikononi. Akawaambia vijana wake wanitoe pale, kwa upole, kama anavyotolewa mtu aliyepungukiwa akili. Nilipiga kelele kwa Kituruki changu kizuri kwamba hivi ndivyo kwetu, kwamba anajibu, kwamba nikiacha atalala. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunishika. Walinivisha blanketi wakanikalisha kwenye ukingo wa barabara, na mama mmoja akanipa chai akinililia mimi. Yule mwanamke alifanya kazi yake kwa namna anavyoijua, na aliifanya kwa moyo. Lakini mtani wangu alinyamaza, na vyombo vyao havikusikia kitu, nao wakaenda kwenye jengo jingine lililokuwa na sauti.

Nilirudi. Giza lilikuwa linaingia. Nilimwita nikamtukana mara nyingi kabla hajajibu.

"Ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda kula. Kwani wewe nani nikungoje?"

"Mtani."

"Nipo."

"Koti lako nimelipata."

"Lilete basi, nakufa baridi."

Nilisikia anatafuta pumzi ya kutosha sentensi nzima.

"Nimelivaa mwenyewe," akasema. "Linanuka popo."

Hilo ndilo lilikuwa la mwisho. Nilimjibu, na nikaendelea kumjibu, mpaka sauti ikanikauka. Asubuhi walipoleta mashine ya kunyanyua walimkuta amekaa, mgongo ukutani, koti langu limefungwa vifungo vyote, na mablanketi mawili yamekunjwa mapajani mwake.

Tulimzika huko, kwenye uwanja mpya nje ya mji, uliokuwa unaongezeka mistari ya makaburi kila tunapouangalia. Yeye alikuwa Mkristo na mimi Mwislamu. Wanafunzi wawili kutoka Kongo walisimama upande wa kichwa wakaimba wimbo wa kanisani kwa Kiswahili chao, na mimi nikasimama upande wa miguu. Maiti hazikuwa zinasafirishwa siku zile. Hata njia za kutoka mjini zilikuwa zimepasuka.

Baada ya hapo tuliishi kwenye mahema. Nilipanga foleni ya supu na watu waliokuwa na maduka na magari wiki moja kabla, na humo kwenye foleni hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za nyumbani. Ardhi ilikuwa inatetemeka bado, kidogo kidogo, na kila ikitetemeka watu walitazama juu, ingawa juu yetu kulikuwa na turubai tu. Niliwatafsiria Waafrika wenzangu kwa madaktari. Nilisaidia kukagua majengo yaliyosimama, nikaandika alama kwenye milango, na wahandisi waliokuwa wanaongoza walinisikiliza. Chuo kilituhamishia mji mwingine, nikamaliza, nikashika nafasi ya juu. Ninayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kazi ndiyo iliyonishika.

Dada wa mtani wangu alikuwa amenipigia mapema, siku chache baada ya maziko. Sauti yake ilifanana na ya ndugu yake.

"Kaka, mama anauliza alisema nini."

Nilikuwa nimesimama kwenye matope, simu ya kuazima sikioni. Utamwambiaje mama, kwenye simu, kwamba neno la mwisho la mwanawe lilikuwa popo?

"Mwambie nitakuja mwenyewe nimwambie," nikasema.

Sikujua nimefanya nini. Huko Rondo yule mama aliyashika maneno yale kama yalivyo. Msiba ulikuwa umewekwa, watu walikuja wakaondoka, mchungaji alisali, watani wa jirani wakaja na unga wao, yeye akawarudisha. Matanga yakakataa kuondolewa. Dada yake aliendelea kunipigia, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Mama bado analala barazani kwenye mkeka. Mama haingii chumbani. Mama hajanyoa nywele za msiba. Ndugu wanasema inatosha, watu wanasengenya, na yeye anajibu kwamba aliyemwona anakuja. Mara ya mwisho aliniambia mama amekonda na mvua za vuli zinamnyeshea pale pale barazani.

Kwa hiyo niliporudi nchini sikukaa Kipatimu hata wiki. Nilishonesha shati jeupe la heshima, nikavaa suti ya mahafali, nikakodi gari mpaka Lindi, tukashika njia ya Mtama kisha tukaacha lami kupanda Rondo. Njiani nilitunga hotuba. Nilikuwa na picha za chuo kwenye simu, na picha moja ya kaburi. Niliamua kusema kwamba alikwenda kwa amani, akimtaja Mungu, na kwamba alikufa akimwokoa mtoto, jambo ambalo lina ukweli ndani yake. Maneno mengine niliona hayafai kusemwa na mtu wa elimu yangu mbele ya mama aliyefiwa. Tena yule mwanamke wa kofia nyekundu alikuwa bado hajanitoka akilini. Yeye alikuwa mtu mwema, na aliponisikia aliona kichaa.

Nyumba ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri, na uwanja umefagiliwa. Watu walikuwa wameshajua. Wanawake walikaa barazani na chini ya ukuta, wanaume kwenye viti upande wa pili. Mama alikuwa kwenye mkeka, mwembamba, kanga imemfunika nywele zilizokuwa zimekua hadi zinaonekana pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika."

"Nimefika, mama. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Kaa useme."

Sikukaa. Nilisimama nikafunga kifungo cha koti, nikaanza. Marehemu alikuwa kijana mwenye nidhamu, aliyependwa na walimu na wanafunzi wenzake wa mataifa yote. Sikufika mbali. Shangazi yake, mwanamke mnene mwenye fimbo, alikuwa ananitazama kuanzia viatu.

"Huyu nani?" akawauliza wenzake. "Mkuu wa wilaya?"

"Ni mtani wake, shangazi," dada mtu akasema.

"Mtani gani? Sisi tumeambiwa anakuja Mmatumbi. Huyu mbona ameoga?"

Wanaume walianza kukohoa kuficha kicheko. Nikajaribu kuendelea. Nikasema kuhusu nidhamu tena.

"Mtani asiyetukana msibani huyo ni mgeni," shangazi akasema. "Mpeni chai, anywe, aondoke kabla barabara haijaharibika. Halafu na wewe wifi uendelee kukaa hapo kwenye mkeka mpaka tukuzike nao."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama alinyoosha mkono, akagusa upindo wa suruali yangu.

"Mwanangu," akasema, "watani wengine walikuja. Nikawarudisha. Walimjua alipokuwa mdogo, hawakumwona kule. Wewe ulimwona. Ulisema utaniambia alichosema."

"Mama, si maneno ya kusema mbele yako."

"Ni yake?"

"Ni yake."

"Basi ni yangu."

Nilivua koti la suti. Sikujua pa kuliweka, shangazi akalipokea, akalivaa yeye, na likamkwama mabegani. Nikaangalia pale uwanjani. Kulikuwa na kitanda cha kamba kimeegemezwa ukutani. Nikakilaza, nikaingia chini yake kifudifudi kwenye vumbi, na shati langu jeupe, na kutoka mle ndani nikaanza kusema kama yeye.

Nilisema maneno yake kwa sauti yake, na yangu kwa sauti yangu. Nilipomwambia leo amekuwa ming'oko, uwanja mzima ulishtuka. Alipojibu kwamba ming'oko ikikatwa hainunuliwi, kicheko kilianzia kwa wanaume, kikaenda kwa wanawake, na humo humo kwenye kicheko nikasikia watu wameanza kulia kwa sauti. Shangazi alikuwa anapiga fimbo kwenye kamba juu ya mgongo wangu akinitukana, ananiita mchimbaji mvivu.

Mama hakucheka. "Hapana," akasema.

Nikageuza uso upande wa miguu yake.

"Hakusema haraka hivyo. Tusi alikuwa analiweka mwisho. Anavuta pumzi kwanza, ndiyo analitoa."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeharakisha kwa aibu. Nikarudia.

"Sauti yake nene kuliko hiyo."

Nikarudia tena, na tena, na kila mara alisahihisha kitu, mpaka nikaliweka tusi mahali alipoliweka yeye, na mama akasema kwa sauti ndogo, "Ndiye."

Tukafika kwenye koti. Nilisema lote. Nimelivaa mwenyewe. Linanuka popo.

"Popo?" mama akauliza.

"Popo, mama. Kwa sababu ya mapango ya kwetu."

"Na kweli linanuka," akasema shangazi, akinusa mkono wa suti yangu. Watu wakacheka tena, na mara hii mama alifunika mdomo kwa kanga. Sijui kilichokuwa chini ya kanga, sikuuliza. Nilikuwa bado nimelala chini ya kitanda, naona miguu ya watu tu, na miguu yake.

"Lilikuwa koti zito?" akauliza.

"Zito sana. La sufu, lina bitana ndani."

"Lilimfika wapi?"

"Chini ya magoti, mama. Mimi ni mrefu kuliko yeye."

"Alilifunga?"

"Vifungo vyote. Mpaka cha shingoni. Nilimkuta hivyo."

"Walisema redioni kuna theluji," akasema. "Mimi sijui theluji. Niliwauliza watu wakaniambia ni kama barafu ya dukani, inadondoka juu ya mtu. Tangu hapo kila nikijifunika nguo usiku naona nimemvua yeye." Kisha akasema, "Sasa toka huko, unachafuka."

Nilitoka. Akaomba wembe na maji. Dada mtu alikwenda mbio. Kwa kawaida kazi ile hufanywa na mwanamke wa ukoo, na shangazi alishaanza kukunja mikono ya suti yangu, lakini mama akamwambia akae.

"Atanyoa mtani," akasema.

Nimesimamia kumwaga zege la ghorofa bila kupepesa jicho, na pale nilishindwa kushika wembe wa kawaida mpaka nikashikilia kiwiko kwa mkono mwingine. Mama alikaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, anasubiri. Nywele zilikuwa nyepesi, nyeupe kuanzia mizizi hadi katikati na nyeusi kwenye ncha. Nilianza nyuma ya shingo.

"Ameacha visiki," shangazi akatangaza. "Tazameni, shamba la Kimatumbi."

"Mwache," mama akasema. "Nyuma ya sikio, mwanangu. Hapo umeruka."

Nilirudi nyuma ya sikio. Nilipomaliza alijipitishia kiganja kichwani kote, bila haraka, akakusanya nywele zake kutoka kwenye kanga aliyoitandika, akazifunga. Alisimama mwenyewe. Aliukunja mkeka, akaukabidhi kwa binti yake, akaingia ndani ya nyumba. Hakuna aliyemfuata. Tulimsikia anasogeza kitu kizito, labda kitanda, kisha komeo la dirisha likagongwa mara kadhaa kabla halijakubali kufunguka.

"Haya," shangazi akawaambia wasichana, akivua koti langu. "Washeni moto. Na yule jogoo mwekundu mfungueni, mtani amkimbize mwenyewe."